Meli zimefika gatini Tanga. Jiji lianze na lipi?

Bandari imeongezwa kina na bomba la mafuta ghafi la Uganda linaishia Chongoleani. Miradi hiyo mikubwa ina wenyewe wa kuipangia. Halmashauri ya Jiji yenye mfuko mdogo bado ina uamuzi wake: shilingi yake ya kwanza iende wapi?

Jua halijachomoza vizuri, lakini mwalo wa Deep Sea jijini Tanga umeshachangamka. Boti zilizokesha zikivua dagaa kwa taa zinaingia moja baada ya nyingine. Wapagazi wanaingia majini hadi kiunoni, wanapokea ndoo na kuzipandisha ufukweni mbiombio. Dalali ananadi. Wachuuzi wamesimama kando ya baiskeli zao, matenga yamefungwa nyuma kwa mipira, masikio yote yako kwenye bei.

Biashara hii haina subira. Samaki aliyekosa mnunuzi alfajiri, jua likipanda anageuka hasara. Mwenye barafu anaweza kungoja bei nzuri. Asiyenayo anauza kwa bei atakayopewa, au anamwachia mkaanga samaki ili apate angalau fedha ya petroli ya usiku unaofuata.

Katika jiji hilohilo, bandarini, hesabu ni za aina nyingine kabisa. Serikali imetumia Sh bilioni 429.1 kuongeza kina na kujenga upya gati. Kaskazini mwa ghuba, kwenye rasi ya Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda.

Ndoo ya dagaa na tangi la mafuta viko chini ya baraza moja la madiwani, lenye bajeti moja. Tanga si jiji kubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 393,429, kutoka 273,332 mwaka 2012. Wameongezeka watu zaidi ya 120,000 ndani ya miaka kumi, na wengi wao wanahitaji kazi kabla hawajahitaji kitu kingine chochote.

Kwa hiyo kupanga vipaumbele vya uchumi hapa si zoezi la kujaza makabrasha. Jiji likikosea, linamkosea kijana wa Makorora na Mikanjuni ambaye kila siku anasikia mabilioni yakitajwa redioni na hajui aingilie mlango gani.

Mji uliowahi kutegemea zao moja

Tanga imewahi kuwa tajiri, na imewahi kuanguka. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa kuelekea bara, reli ambayo ilikuja kufika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliingiza mkonge. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo likazaliwa zao lililobeba uchumi wa nchi nzima.

Kilele kilikuwa mwaka 1964, uzalishaji ulipofika takriban tani 230,000 na nchi yetu ikaongoza duniani. Makuli wa bandari, mafundi wa mashine za korona za kuchakata mkonge, makarani na wenye maduka wa Ngamiani, ule mji wa barabara zenye namba badala ya majina, wote walikula kwa mkonge.

Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na uendeshaji wake ukayumba kadiri miaka ilivyokwenda. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Leo mkonge unafufuka, na wakulima wadogo wameingia kwa nguvu, lakini haujafika hata nusu ya kilele kile.

Mara ya pili Tanga ilibebwa na viwanda. Miaka ya 1970 kilikuwapo kiwanda cha mbolea, kikawapo cha chuma, na mwaka 1980 saruji ikaanza kuzalishwa Pongwe. Saruji ipo mpaka leo. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwaka 1991, na wapo wazee jijini wanaoweza kukutajia majina ya waliokuwa wakifanya nao kazi zamu ya usiku.

Mkonge na viwanda viliamuliwa mbali na Tanga, na vilipoyumba uamuzi ulitoka hukohuko mbali. Jiji lilibaki na majengo, mitaro na watu.

> *Mkonge na viwanda viliamuliwa mbali na Tanga, na vilipoyumba uamuzi ulitoka hukohuko mbali.*

Matishari yamekwisha, sasa nini?

Anayeijua bandari ya Tanga ya zamani anayakumbuka matishari. Meli kubwa haikuweza kusogea gatini kwa sababu kina cha maji hapo kilikuwa mita 3. Ilitia nanga umbali wa kilomita 1.7, mzigo ukashushwa kwenye tishari, tishari likavutwa hadi gatini, na mzigo ukanyanyuliwa tena. Kila gunia lilinyanyuliwa mara mbili, na mara zote mbili mwenye mzigo alilipia. Mfanyabiashara wa Arusha au Moshi, ambaye kijiografia Tanga ndiyo bandari yake, alipiga hesabu na mara nyingi akaona heri Mombasa au Dar es Salaam.

Sasa kina kimefika mita 13 na gati lina urefu wa mita 450. Meli inafunga gatini. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA) inaeleza kwamba uwezo wa kuhudumia shehena umepanda kutoka tani 750,000 kwa mwaka hadi tani milioni 3.

Wanaosema "bandari kwanza" wana hoja nzito. Wanataka jiji litenge ardhi ya maghala, yadi za makontena na maegesho ya malori kabla viwanja havijauzwa kwa makazi. Wanakumbusha kwamba treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi ilirudi mwaka 2019 baada ya kimya cha miaka mingi, na kwamba mpango wa reli hadi Arusha na Musoma ukitimia, bandari hii itaunganishwa na Ziwa Victoria. Malori yakija, wanasema, zitakuja gereji, nyumba za wageni, mawakala wa forodha na mama lishe.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Lori linalopakia mzigo gatini na kushika barabara ya Segera bila kusimama linaliachia jiji vumbi na lami iliyochoka. Ada za bandari zinakusanywa na TPA, ambayo ni taasisi ya Serikali Kuu. Kinachobaki Tanga kinategemea mambo madogo: dereva anasimama wapi, tairi linazibwa na nani, mzigo unafungashwa wapi, na je, kuna fundi mwenye cheti anayeweza kuitwa usiku winchi ikiharibika.

Bomba na wenye bomba

Chongoleani ni habari kubwa zaidi, na ngumu zaidi. Uganda iliichagua Tanga badala ya Lamu mwaka 2016. Agosti 5, 2017 Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi. Katika kampuni ya bomba, TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Tanzania na Uganda yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina asilimia 8.

Mafuta yenyewe ni mazito, yanaganda kama hayapashwi joto, kwa hiyo bomba zima linapashwa joto njiani. Linapita mikoa minane ya Tanzania kabla ya kufika kwenye matangi ya Chongoleani, ambako meli zitapakia kwenye gati lililojengwa kuingia baharini.

Watetezi wa mazingira wamelipinga bomba hili kuanzia Kampala hadi Paris, kwa hoja ya tabianchi na kwa hoja ya waliohamishwa. Serikali zote mbili zimejibu kwamba nchi zetu zina haki ya kutumia rasilimali zake. Mjadala huo haukuamuliwa Tanga na hautaamuliwa Tanga.

Kinachoihusu Tanga moja kwa moja ni kalenda ya ajira. Kuchimba mtaro, kuchomelea mabomba, kujenga matangi, kupika chakula cha kambi: hizo ni kazi za miaka michache. Bomba likishaanza kufanya kazi linahitaji watu wachache wenye ujuzi maalumu. Kijana aliyeshika sururu Chongoleani anarudi mtaani na swali lilelile alilokwenda nalo, isipokuwa kama katikati ya mradi alipata cheti cha uchomeleaji, umeme au ufundi mitambo kinachokubalika kwingine.

> *Mafuta yakianza kutiririka, kazi ya kibarua inakuwa imekwisha.*

Mfuko wa jiji una nguvu gani?

Hapa ndipo mazungumzo mengi kuhusu maendeleo ya Tanga hupotea njia. Watu huzungumza kana kwamba halmashauri ndiyo yenye bandari na bomba. Haina.

Mapato yake ya ndani ni leseni za biashara, ushuru wa masoko, maegesho, stendi ya Kange, kodi za vibanda na, kubwa kuliko mengine kwa mji wenye kampuni, ushuru wa huduma. Sheria inaruhusu halmashauri kutoza asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni zinazofanya biashara ndani ya eneo lake. Kodi ya majengo, ambayo kwa miji mingi duniani ndiyo uti wa mgongo, tangu 2021 hukatwa na Serikali Kuu kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme.

Huo ushuru wa huduma unastahili kutazamwa kwa makini. Kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na shughuli Tanga inatakiwa ilipe Tanga kwa mauzo ya Tanga. Lakini ofisa mapato asiyejua ni mzigo kiasi gani umepita gatini na nani ameuhudumia, anabaki kupokea hesabu alizoandikiwa na mlipaji mwenyewe. Mfumo wa kubadilishana takwimu kati ya bandari, Mamlaka ya Mapato (TRA) na jiji ungegharimu sehemu ndogo sana ya kile unachoweza kuleta. Mimi ningeuweka mapema kabisa kwenye orodha, ingawa hakuna atakayekata utepe siku ya kuuzindua.

Upande wa matumizi nako kuna mipaka. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya udhaifu katika usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Halafu kuna mchakato wenyewe wa kupanga. Kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, mapendekezo yanaanzia mtaani, yanapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, yanafika kwa madiwani. Ukisoma yanayotoka mitaani, utaona darasa, zahanati, kivuko, mtaro wa maji ya mvua. Ni mahitaji ya haki. Ukisoma yanayoshuka kutoka juu, utaona bandari, reli, bomba, uwekezaji. Kati ya orodha hizo mbili anadondoka mvuvi wa Deep Sea, fundi wa gereji, mama anayekausha dagaa. Haombi darasa wala hamiliki gati, kwa hiyo hakuna mstari wa bajeti unaomtaja.

Somo lililomo kwenye ndoo ya maziwa

Tanga ina mfano wake wa uchumi uliokua kutoka chini, na nashangaa hautajwi mara nyingi zaidi. Ni maziwa.

Katikati ya miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Uholanzi, mkoa ulianza mpango wa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo. Mfugaji alipata mafunzo, ikiwamo kwenye chuo cha mifugo cha Buhuri, akakopeshwa mtamba, na akalipa kwa kurudisha mtamba apewe mwingine. Vyama vya wafugaji vikaungana kuwa ushirika wa TDCU mwaka 1993, na baadaye muongo huohuo ushirika na wakulima wa Uholanzi wakaanzisha kiwanda cha Tanga Fresh.

Nenda kwenye kituo cha kukusanyia maziwa asubuhi uone uchumi ukifanya kazi. Mfugaji anashusha ndoo yake kutoka kwenye baiskeli. Mpokeaji anachovya kipimo cha uzito kuona kama maziwa yameongezwa maji. Anachota kidogo, anachanganya na spiriti kwenye kichupa, anatikisa. Yakiganda, yanarudi nyumbani na mwenye ndoo hana la kubisha. Yakipita, yanaandikwa kwenye daftari, yanamiminwa kwenye tangi la baridi, na mwisho wa kipindi mfugaji analipwa.

Hakuna kitu cha ajabu hapo, lakini tazama kilichomo. Kuna ubaridi, kwa hiyo bidhaa haiozi mikononi mwa mzalishaji. Kuna kipimo kinachomtendea kila mtu sawa. Kuna daftari ambalo mfugaji anaweza kulipeleka benki. Kuna kiwanda hapahapa mjini. Fedha inayolipwa leo kwa maziwa inanunua pumba kesho, sare ya shule keshokutwa, na yote hayo ni ndani ya mkoa.

Mvuvi wa Deep Sea anakosa karibu kila kimoja cha hivyo. Mkulima wa machungwa wa Muheza naye vilevile: msimu ukifika, matunda yanapakiwa mabichi kwenye malori kwenda Dar es Salaam na Kenya, na thamani inaongezwa kwingine.

> *Mfugaji ana ubaridi, kipimo, daftari na kiwanda. Mvuvi ana haraka tu.*

Bahari ina wenyewe

Ardhi ya ufukweni ndiyo itakayogombaniwa kuliko kitu kingine chochote Tanga katika miaka ijayo. Kila mmoja anaitaka: yadi za bandari, hoteli za Raskazone, matangi ya Chongoleani. Wavuvi hawana hati ya bahari, wana mazoea tu ya vizazi, na mazoea hayawekwi rehani.

Tanga ilishapata onyo. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kilomita za mraba 552 kutoka karibu na mlango wa Mto Pangani hadi kijiji cha Mafuriko, kaskazini kidogo mwa jiji. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosari, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa. Na ndani ya mwambao huohuo wa hifadhi, Mwambani, ukapendekezwa mradi wa bandari mpya ya kina kirefu. Mipango miwili ya taifa moja ilipishana juu ya maji yaleyale, na mvuvi akabaki anauliza amsikilize nani.

Jiji halina mamlaka juu ya hifadhi wala juu ya bandari. Lina mamlaka juu ya mipangomiji. Linaweza kupima mialo, kuiandika kwenye ramani kama ardhi ya umma ya uvuvi, na kukataa kubadili matumizi yake. Kazi hiyo haihitaji mabilioni. Inahitaji mpima ardhi, kikao na msimamo, na inapaswa kufanywa sasa, kabla bei ya kiwanja cha ufukweni haijawa kubwa kuliko ujasiri wa madiwani.

Hati fungani ya maji

Wapo watakaosema jiji dogo haliwezi kitu bila Dodoma. Wakumbuke Februari 2024. Mamlaka ya Maji Tanga (Tanga UWASA) ilitoa hati fungani ya kijani ya Sh bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu ya maji. Wawekezaji walileta zaidi ya kiasi kilichoombwa.

Mamlaka ya maji ya mji wa mkoani ilikwenda soko la mitaji na ikaaminiwa, kwa sababu ina wateja wanaolipa bili na vitabu vinavyosomeka. Maji yake yanatoka Mto Zigi, unaotiririka kutoka milima ya Amani hadi bwawa la Mabayani, na imekuwa ikishirikiana na wakulima wa bonde hilo kulinda chanzo. Mkopo ni mkopo, na riba hiyo italipwa na watumiaji kwa miaka kumi. Lakini maji ni kitu ambacho kila kiwanda, kila mtambo wa barafu na kila jiko la mama lishe vitakitumia, mafuta yatiririke yasitiririke.

Ningeanza na haya

Miradi mikubwa ina wizara, mabenki na marais wa kuisukuma. Haihitaji kurudiwa kwenye mpango wa jiji. Fedha ya halmashauri iende pale ambapo hakuna mwingine atakayeipeleka.

Ningeanza na Deep Sea: mtambo wa barafu, sakafu safi ya mnada, mizani ya wazi, vichanja vya kukaushia dagaa, vyote viendeshwe na ushirika kwa mfano wa maziwa. Mikopo ya asilimia 10 ingepata hapo wakopaji wenye biashara inayoonekana kwa macho. Sambamba na hilo, mialo ipimwe na ilindwe.

Kisha jiji likae na mamlaka ya mafunzo ya ufundi (VETA), bandari na kampuni ya bomba, lidai nafasi za mafunzo yenye vyeti kwa vijana wa kata zake wakati mitambo bado iko hapa. Ahadi ya ajira bila cheti isikubaliwe. Na ushuru wa huduma ukusanywe kwa takwimu, ili fedha za haya yote ziwe na pa kutoka.

Maghala na maegesho ya malori yaje, tena yaje haraka, lakini yajengwe kwa fedha za wanaoyahitaji. Wenye malori wana uwezo wa kulipia maegesho. Mvuvi hana uwezo wa kujenga mtambo wa barafu peke yake.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, na vipaumbele hukusanywa mitaani miezi mingi kabla ya hapo. Mkazi wa Tanga unayesoma haya, muulize mwenyekiti wako wa mtaa kikao hicho ni lini, uende, na ukifika pamoja na darasa na mtaro utaje barafu, mwalo na cheti cha ufundi. Hakikisha katibu ameviandika.